Jeli ya chunusi iliponibandua uso kwenye baridi ya Iringa

Chunusi za mashavuni hazikusikia sabuni ya salfa wala ndimu (ndimu iliniongezea mabaka tu). Daktari akaniandikia jeli ya adapaleni 0.1% (dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A). Nilipoanza kuipaka, baridi kavu ya Julai ikazidisha: ngozi ikabanduka, ikawaka moto. Kuichanganya jeli na mafuta ya mgando hakukusaidia.

Kilichosaidia ni kusubiri. Usiku nanawa, nakaa hadi uso ukauke kabisa, dakika 20 hivi, maana kwenye ngozi yenye majimaji dawa huchoma zaidi. Kisha losheni isiyo na manukato, ndipo jeli: kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, si juu ya chunusi tu. Napaka usiku mmoja, naruka miwili. Asubuhi losheni ya kukinga jua, hata kukiwa na ukungu.

Matokeo huhitaji wiki 12 hivi. Mjamzito asiitumie.