Bibi aliyesema hana shida

Leo asubuhi, kwenye mkutano wa kijiji hapa Rungwe, tulikuwa tunachagua kaya za kupewa msaada, na kazi kubwa ilikuwa kukubaliana namna ya kupima hali ya mtu.

Bibi mmoja alipoulizwa anaendeleaje, alijibu: "Namshukuru Mungu, sina shida."
Miguu yake ilikuwa imevimba, na kandambili zake zimefungwa kwa waya.

Kama haki ingepimwa kwa kuridhika peke yake, bibi huyu angeachwa nje ya orodha, kwa sababu tu amekwisha kuizoea dhiki.

John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, mwaka 1971 alitaka tupime haki kwa kuangalia mambo ya msingi kama uhuru, fursa na kipato. Amartya Sen, mchumi na mwanafalsafa kutoka India, katika mhadhara wake wa mwaka 1979, alikwenda mbele zaidi na kuuliza mtu anaweza kufanya nini kwa hicho alicho nacho. Shilingi 10,000 za kijana mwenye afya hazilingani na zile za mzee asiyeweza kuushuka mteremko wetu wa matope hadi zahanati.

Mimi nakubaliana na Sen.

Ndugu zangu, huko kwenu mnatumia kigezo gani?