Kwa Nini Si Sifuri

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunasogeza lile kabati la sebuleni ili fundi apitishe nyaya zake, Neema aliokota nyuma yake karatasi ya kalenda iliyokunjwa mara nne. Kwa upande wa nyuma palikuwa na mstari uliochorwa kwa mkono, wenye namba kuanzia 0 hadi 10, na juu yake alama mbili za mkasi: moja kwenye 8, nyingine kwenye 3. Aliuliza kama ni maksi za mtihani. Nilimweleza kwamba ile 8 ilionyesha umuhimu niliouona wa kurudi kazini baada ya kuvunjika mguu, na ile 3 ilionyesha imani niliyokuwa nayo kwamba ningeweza. Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema, "Sasa mama, kama ulikuwa unaogopa hivyo, kwa nini hukuweka sifuri?"

Ilinibidi nikae chini, kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa karibu kwa maneno hayohayo, na halikuulizwa na mtoto.

Habari za ajali ya bodaboda ya Igoma, hapa Mwanza, nimekwisha kuzisimulia hadi zimewachosha watu, kwa hiyo nitaziruka. Mfupa wa muundi uliunga vizuri. Lililokataa kuunga lilikuwa jambo jingine: kazi yangu ilikuwa kupima joto la minofu ya sangara kiwandani, mahali ambapo sakafu imelowa tangu asubuhi hadi jioni, mtu akitembea kwa mabuti ya mpira juu ya maji na vipande vya barafu, na kila nilipoifikiria sakafu ile magoti yalinilegea nikiwa nimelala kitandani. Wakati huohuo siku zilikuwa zinahesabika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, yaani siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia kwenye nusu, na ada ya Neema haikuwa na nusu.

Kila aliyekuja kunijulia hali alikuja na hamasa yake. Shemeji wa Nyegezi alinihubiria kuhusu watu waliokatwa miguu yote miwili na bado wanalima. Ofisa utumishi alinipigia simu kila Jumatatu kunikumbusha jinsi timu inavyonihitaji. Baba Neema, maskini, alinunua mabuti mapya akayaweka mlangoni. Kwa wote hao nilikuwa na neno moja, "Ndiyo, lakini", na baada yake nilimwaga sababu. Na kadiri walivyozidi kunisukuma ndivyo nilivyozidi kuwa hodari wa kuitetea hoja ya kubaki nyumbani, hata nikaanza kuiamini kuliko nilivyoiamini mwanzoni.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenipeleka kwa yule mama wa ustawi wa jamii. Chumba chake kilikuwa kidogo, feni ikilia kama inayougua, na dirisha lake lilitazama bati la jengo la jirani na kipande cha ziwa kisichozidi upana wa kanga. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha badala ya kunitia moyo akaniuliza ningependa tuzungumze nini. Nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, na hapakuwa na mshtaki.

Alichana karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akachora mstari. Nilipenda namba, mtu anayeshinda akichoma kipimajoto kwenye minofu ili kuhakikisha haipandi juu ya nyuzi 4 hawezi kuzichukia. Niliweka 8 yangu upesi. Ile 3 niliiweka polepole, nikasubiri aniulize mbona ni ndogo hivyo, kwa maana majibu ya swali hilo nilikuwa nayo ya kujaza daftari.

"Umeweka tatu," alisema. "Kwa nini si sifuri?"

Nilifungua kinywa kusema "ndiyo, lakini" nikaona haliingii popote. Feni ililia. Nje kuna mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye saruji. Yule mama hakunisaidia hata kwa kikohozi. Aliweka kalamu chini na kunitazama kama mtu asiye na safari. Sijui ulipita muda gani, lakini ulitosha ndoo kuvutwa hadi mwisho wa ukumbi na kurudi. Ndipo nikajisikia nikisema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata nafsi yangu: kwamba siku mbili kabla nilikwenda mwenyewe Mwaloni Kirumba kununua dagaa, nikasimama karibu nusu saa kwenye njia iliyolowa maji na kujaa magamba, nikibishana na muuzaji kwa sababu dagaa wake walikuwa na mchanga, na nilipofika kituo cha daladala nikagundua kwamba mkongojo wangu nimeusahau kwake.

"Uliusahau mkongojo," alirudia, bila kuongeza neno.

"Niliusahau," nikasema, na machozi yakanitoka.

Baadaye aliniuliza ni kitu gani kingeifanya 3 iwe 4, nami nikasema meza: wiki mbili za kujaza kumbukumbu nikiwa nimekaa, kabla ya kurudi sakafuni. Niliiomba mwenyewe, nikakubaliwa, nikarudi zikiwa zimebaki siku 9 za likizo.

Miaka kadhaa baadaye, katika kusomasoma, niligundua kwamba yale mazungumzo yana jina, mahojiano ya kuamsha ari, na kwamba mwanasaikolojia William Miller aliyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1983 akihusika na tiba ya walevi, jambo ambalo baba Neema analitumia vibaya hadi leo. Nilisoma pia kwamba swali la "kwa nini si sifuri" huulizwa makusudi, kwa kuwa ukimuuliza mtu mbona hajafika 10 atakuorodheshea vikwazo, lakini ukimuuliza kwa nini hayuko chini zaidi ataitetea nguvu yake mwenyewe. Nilijihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba barua ya mapenzi aliyoitunza ilinakiliwa kwenye kitabu cha mifano. Yale niliyodhani yamenitoka moyoni yalikuwa yamewekewa mlango na mtu mwingine. Na bado, mkongojo niliusahau mimi, wala hakuna aliyenielekeza niusahau. Nimebaki hapo katikati. Mwaka mmoja na nusu baadaye niliacha kazi ile kwa sababu zisizohusu mguu, na sijui katika hesabu za yule mama ningeandikwa upande gani.

Haya yote sikumwambia Neema. Nilimsimulia dagaa na mchanga wake tu, naye akauliza linaloulizwa na kila mtoto: mkongojo niliupata?

Niliurudia wiki iliyofuata. Nilimkuta muuzaji ameusimamisha kwenye kona ya turubai lake, ameufunga kamba, na kivuli kimekaa sawasawa. "Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, "nilijua utaufuata." Nilisema nimefuata dagaa. Jioni hiyo mguu uliniuma sana, nikatembea hadi chooni nikishika ukuta.