Kasa Aliyeshindwa Kuzama: Safari ya Mashua Watamu

Wengi wanaokwenda Watamu hurudi na sifa za mchanga mweupe na maji ya samawati, nami sina ubishi nao. Naandika kwa sababu nililipia matembezi ya asubuhi moja ya kuogelea na kutazama kasa, nikapata safari ya namna nyingine kabisa, ambayo baadhi ya wenzangu mashuani waliiita hasara na kudai warudishiwe fedha zao, ilhali kwangu mimi ilistahili nauli yote ya kutoka Kisumu.

Habari za njiani si nyingi: basi la usiku hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, matatu ya kuelekea Malindi, kisha tuktuk kutoka njia panda ya Gede. Nilichagua mwezi wa Januari, katikati ya msimu wa kaskazi, kwa kuwa wenyeji walinieleza kwamba wakati huo maji huwa maangavu, tofauti na miezi ya kusi ambapo mawimbi huvuruga mchanga na mashua nyingi hulala ufukoni.

Kilichonikera tangu mwanzo ni malipo. Dalali aliyenikuta nje ya nyumba ya wageni alinitajia shilingi elfu nne na kuapa kwamba ndani yake mna mashua, miwani, mrija wa kupumulia na ada ya hifadhi. Asubuhi yake, tukiwa tumekwisha kuvua viatu, ikabainika kwamba ada ya hifadhi haijalipwa, na kwamba hifadhini hawapokei fedha taslimu bali malipo ya mtandaoni pekee. Tukasimama juani, kila mtu akibonyeza simu yake, mtandao ukija na kupotea, na dalali hapokei simu. Ada yenyewe sina kinyongo nayo. Hifadhi ya Bahari ya Watamu, ambayo pamoja na ile ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika, haiwezi kulindwa kwa maneno matupu. Ninachokipinga ni kulipia kitu kimoja mara mbili. Juu ya hayo, miwani niliyopewa ilikuwa na mpira uliokakamaa kwa uzee, na kila nilipogeuza shingo iliingiza maji ya chumvi hadi puani.

Nahodha, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, alisikiliza malalamiko yetu yote bila kumkatiza mtu, akasema kwamba dalali huyo hakutumwa naye, kisha akatukalisha na kutupa masharti kabla ya kuwasha injini. Tusisimame juu ya matumbawe hata kama tumechoka. Tusiguse chochote. Tukimwona kasa, tusimkate njia wala tusielee juu yake. Sharti hili la mwisho alilirudia mara nyingi, akimtazama kila mmoja wetu usoni. "Kasa huvuta hewa kama wewe," alisema. "Ukimziba juu, umemziba pua."

Tulifungwa kwenye boya, kwa maana huko hawatupi nanga inayoweza kuvunja mwamba, tukaingia majini. Mtu aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria, kama mimi, hajazoea maji yanayoonyesha kilichomo. Ziwani kwetu ukitumbukiza mkono, vidole hupotea kabla kiwiko hakijalowa, na tunachokijua kuhusu vilindi vyake tunakijua kwa kile kinachopanda na nyavu. Pale Watamu niliona hadi chini: vitatange wakipita wawili wawili, na pono waking'ata mwamba kwa sauti niliyoisikia wazi masikioni. Niliona pia sehemu kubwa zilizokuwa za kijivu na zilizobomoka. Nahodha alitueleza kwamba mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa, na kwamba baadhi ya haya tuliyoyaona ni machipukizi ya baada ya hapo.

Kasa wa kwanza tulimkuta chini ya ukingo wa mwamba. Alikuwa ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka kama wa kasuku na magamba yaliyopandana mgongoni, yale yaliyowahi kufanywa vitana na vikuku hadi jamii yake ikakaribia kumalizwa. Alikuwa akinyofoa sifongo, viumbe laini wanaoota mwambani, kwenye ufa, akivuta shingo nyuma kwa nguvu, na vipande vidogo vikielea kando ya kichwa chake. Nilimtazama kwa muda mfupi tu. Kijana mmoja aliyekuwa na kamera alimjia kwa mbele akipiga maji kwa miguu yake yote miwili, na ng'amba, kwa mapigo mawili ya makasia yake, akawa ametoweka mahali ambapo macho yangu hayakufika. Nahodha alipuliza kipenga na kumwita kijana yule arudi mashuani. Hakumgombeza, ila alimweka kando yake hadi tulipoondoka pale.

Kutoka hapo tulielekea upande wenye majani ya bahari, ambako kasa wa kijani huenda kula. Ndipo mtoto mmoja alipopiga kelele akionyesha kitu kilichoelea. Alikuwa kasa, naye hakukimbia. Mashua ilimkaribia, simu zikatolewa, na abiria wote tukafurahi kwamba tumepata bahati ya kumwona mmoja kwa karibu namna ile bila hata kulowa. Mama mmoja akasema huyu amezoea watu.

Nahodha alizima injini na kukaa kimya, kisha akanigeukia, kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu naye. "Kasa mzima hakungoji, mwanangu," alisema. "Huyu hawezi kuzama."

Tulipotazama vizuri, tuliona. Upande wa nyuma wa gamba ulikuwa umeinuka juu ya maji, umekauka na kupauka kwa jua. Kila alipojaribu kwenda chini, kichwa kilizama, makasia ya mbele yakavuta maji kwa juhudi, na mwili ukabaki palepale, kana kwamba umefungwa kwa kamba kutoka juu. Alijaribu tena mara kadhaa mbele yetu. Simu zilishushwa moja baada ya nyingine.

Watamu kuna kituo cha kuwatibu kasa, na nahodha alikuwa na namba yake. Alipiga, akaeleza tulipo na hali ya mnyama, akaelekezwa amlete. Baharia aliingia majini taratibu kwa nyuma. Hawakumshika makasia, kwa kuwa viungo vyake vinaweza kuteguka. Mmoja alishika ukingo wa gamba nyuma ya shingo, mwingine ukingo wa nyuma, wakamwinua na kumlaza kwenye sakafu ya mashua chini ya turubai. Mama aliyesema kasa amezoea watu alitoa kanga yake bila kuombwa, ikaloweshwa na kutandazwa mgongoni, kichwa na pua vikiachwa wazi.

Nilikaa naye njia nzima kwa umbali wa hatua moja. Gamba lake lilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, limeota mwani mfupi wa kijani uliolala kwa kukosa maji, na ukingoni mwake walikuwa wameng'ang'ania viumbe wadogo wenye ganda gumu, wale wanaoshika kwenye mawe na matumbo ya mashua zilizoegeshwa muda mrefu. Ngozi ya shingo ilikuwa imelegea na kufanya mikunjo. Kati ya pumzi moja na nyingine ulipita muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amekufa, kisha kichwa kikainuka, mdomo ukafunguka, akavuta hewa kwa mlio mkavu, kichwa kikashuka tena. Machoni mwake mlichuruzika ute mzito. Mtoto aliuliza kwa nini analia, nahodha akamweleza kwamba kasa wote hutoa chumvi ya bahari kupitia tezi zilizo karibu na macho, na kwamba ndani ya maji hatuyaoni machozi hayo. Mtoto hakuridhika na jibu hilo.

Wakati huohuo mzozo ulikuwa umeanza nyuma ya mashua. Bwana mmoja aliyekuja na jamaa zake watano alisema kwamba alilipia saa kamili za kuogelea, kwamba mnyama mmoja asiwaharibie watu siku yao, na kwamba angetaka nusu ya fedha zake. Wengine wawili walimuunga mkono. Naelewa uchungu wa mtu aliyelipa. Nami nilikuwa nimelipa ada mara mbili. Lakini nilimtazama nahodha, ambaye alikuwa anachoma petroli yake mwenyewe kwenda na kurudi, ambaye hakupata hata senti ya ziada kwa kazi ile, akiwajibu kwa upole kwamba yeyote aliyekosa kuogelea aje kesho yake maji yakiwa kupwa, atamchukua bure. Bwana yule alisema kesho anaondoka. Nahodha akamwomba radhi. Sijui ni wangapi kati yetu wangelifanya hivyo kwa hiari, wakiwa na injini ya mkopo na watu sita wanaonung'unika.

Ufukoni tulipokewa na vijana wa kituo wakiwa na mzani na utepe. Walipima gamba kwa urefu na upana, wakatafuta kibandiko cha chuma kwenye makasia ya mbele ili kujua kama aliwahi kusajiliwa, wasikione. Mmoja wao alikuwa na subira ya kutueleza sisi tuliobaki. Kasa akimeza plastiki, utumbo huziba, chakula huoza ndani na hewa hujaa, naye huelea kama tulivyomwona. Akielea hayafikii majani yaliyo chini, hivyo hudhoofika. Jua humchoma gamba. Na mashua ziendazo kasi humgonga kwa sababu hawezi kuzikwepa. Maradhi ya mapafu pia yanaweza kuleta hali hiyo, na ndiyo maana hawakutaka kusema sababu kabla ya kumchunguza.

Nilimwambia kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja ndani ya hifadhi mwaka 2020. Alikubali kwamba tofauti inaonekana, kisha akaniomba nitembee ufukoni jioni nitazame kinacholetwa na maji. Nilitembea. Niliokota vifuniko, vipande vya kamba za nailoni, na chupa yenye maandishi ya lugha ambayo sikuitambua hata herufi zake. Bahari haina mpaka wa kukaguliwa mizigo, na katazo letu, hata tukilitii sote, linafika tu pale linapofika.

Jambo ambalo bado linanikaa moyoni, hata hivyo, si plastiki. Ni mpango ambao shirika la Local Ocean Conservation limeuendesha na wavuvi wa Watamu kwa miaka mingi. Mvuvi akimnasa kasa kwa bahati mbaya hupiga simu, wahusika huja, kasa hupimwa, huwekewa kibandiko na kurudishwa baharini ndani ya hifadhi, naye mvuvi hupewa malipo madogo ya kufidia muda wake na nyavu zake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa adhabu kali anayemuua kasa, lakini sheria haipo ndani ya ngalawa alfajiri, mvuvi akiwa peke yake na nyama nyingi kuliko aliyoipata wiki nzima. Simu ipo. Nahodha wetu aliniambia kwamba katika ujana wake nyama ya kasa ililiwa kwao bila siri, na yeye aliila. Sasa anaishi kwa kuwaonyesha wageni kasa walio hai, na wavuvi anaowafahamu hupiga simu hata usiku.

Nilisafiri kurudi nyumbani nikilifikiria ziwa letu. Kule tuna doria zinazochoma nyavu zenye matundu madogo, tuna misimu ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, na tuna wavuvi wanaoziona hatua hizo zote kuwa uadui. Mjomba wangu amevua kutoka ufuko wa Dunga tangu wakati ambapo ngege alikuwa samaki wa kila siku mezani, naye ameshuhudia mbuta wakipungua na gugumaji likifunga njia za mitumbwi. Nilimsimulia habari ya kasa, nikamweleza pia kwamba nilimpigia nahodha kumuuliza hali ya mgonjwa, akanijibu kwamba ameanza kula lakini ubavu mmoja bado unainuka, na hatarudishwa baharini hadi aweze kulala chini ya maji.

Mjomba hakuuliza zaidi kuhusu kasa. Aliuliza mvuvi wa Watamu hulipwa kiasi gani, na nani hutoa fedha hizo. Nilipomjibu kwamba ni kidogo na hutokana na michango, alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama kuna namba anayoweza kupiga yeye, akimtoa mbuta mchanga nyavuni akiwa mzima, mtu akaja kwa heshima kuhesabu na kuandika, badala ya kuja na kiberiti. Sikuwa na namba ya kumpa. Ameniambia nimtafutie ya nahodha, wazungumze wenyewe.