Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani wa Moshi, natumia kitimwendo

Saa 11 alfajiri niko macho. Kuoga, kuvaa na kuhamia kwenye kitimwendo ni karibu saa nzima, siharakishi.

Saa 1 bajaji iko getini Pasua. Wengi wakiona kitimwendo wanapitiliza, huyu kaka anakikunja anakifunga nyuma na kamba, na nauli ni ileile ya kila mtu, Mungu ambariki.

Saa 2 nafungua fremu Mbuyuni. Mlangoni kuna ngazi ya sentimita 15, mwaka wa kwanza nilikua nabebwa kila asubuhi mbele ya wateja, mtu mzima, iliniuma sana jamani. Mzee mwenye fremu akaniruhusu nijenge mteremko, fundi akaujenga mfupi umesimama wima kama wa kupandishia mkokoteni, nikarudi nyuma nusura nipinduke. Kumbe kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, yani mimi nilihitaji mita 1 na sentimita 80, basi tukavunja tukaupitisha pembeni ya ukuta. Naingia mwenyewe sasa.

Cherehani yangu ina mota, pedeli nimeifunga juu ya meza naikandamiza na kiwiko cha kulia, nikifika kwenye kola nagusa tu kidogo sindano inaenda taratibu. Mota tulinunua na mkopo wa halmashauri kwenye kikundi chetu, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wenye ulemavu, haina riba.

Saa 5 umeme ukakatika, nikashona vifungo kwa mkono.

Saa 8 ndio ilikua kazi. Kuna ofisi mjini wanataka maovaroli, afisa manunuzi yuko ghorofani na lifti hakuna. Dada wa mapokezi akaniambia nimtume mtu apande na sampo. Nikamwambia hapana dada yangu, sampo nimeshona mimi na bei nitaongea mimi, naomba umwite ashuke. Nikakaa pale dakika 40. Akashuka, tukaongelea chini ya ngazi, nguo nimezitandaza mapajani, akavuta mishono akaridhika. Nikamuuliza mko wangapi, akasema 40. Nikamwambia kaka, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, angalau asilimia 3 wawe wenye ulemavu, kwa hiyo hapa anatakiwa awepo angalau mmoja, atapandaje? Akageuka akaziangalia zile ngazi, hakujibu.

Oda amenipa, 40, mifuko miwili kila moja. Saa 12 jioni nikaanza kukata.