Kinda Aliye Chini ya Mti

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Vijana wetu waliokwenda kutembea Msitu wa Pugu wamerudi na picha nzuri na nung'uniko moja. Chini ya mti wenye kiota cha kipanga walimkuta kinda, manyoya laini ya utotoni bado yamemganda kichwani, analia. Wakataka kumwokota. Aliyekuwa akiwaongoza akakataa katakata, akawarudisha nyuma, akawaambia wakae chini wanyamaze. "Tulionekana hatuna huruma," mmoja alinilalamikia.

Kipanga wa msituni (si yule mwewe anayewanyakulia kina mama vifaranga uani Mbagala) hatoki kiotani mara moja akapaa. Kwanza huhamia matawi ya jirani, mkia ukiwa bado mfupi na mabawa hayajakomaa. Anarukaruka, anateleza, pengine anaanguka, kisha anajikongoja kurudi juu kwa kucha na kupigapiga mabawa. Hata akishajua kuruka, hukaa karibu na kiota kwa majuma kadhaa akipiga kelele za njaa, na wazazi huendelea kumletea windo. Kwa hiyo kilio kile kwa kawaida si cha yatima. Ni mtoto anawajulisha wazazi alipo. Nao huwa hawako mbali, wametulia majanini, wanatazama watu. Watu wakisogea mno hawashuki, na mtoto analala njaa. Anayembeba kwenda naye nyumbani kwa wema wake ndiye anayemfanya yatima.

Katika Ayubu 39 Mungu anamuuliza Ayubu kama mwewe huruka kwa hekima yake yeye Ayubu. Tumezoea kulisoma swali hilo kama la kumfunga mtu mdomo. Mimi nasikia pia nafuu ndani yake: kuna mwana anayejifunza kuruka, na usimamizi wake hukupewa wewe.

Rudini sasa mlango wa 2. Marafiki watatu walikaa chini pamoja na Ayubu siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Hapo walikuwa marafiki kweli. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na ukifika mlango wa 42 Mungu anawakasirikia kwa waliyoyasema. Kwa kule kukaa hawakulaumiwa.

Watu wa Dar tuna haraka ya kuokota. Binti akirudi kwao kutoka kwenye ndoa, jua halijazama kikao kimeshaitishwa na kundi zima la WhatsApp lina habari. Kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi anapigiwa simu na mashangazi, kila mmoja na njia yake. Sisemi tusisaidie. Aliyevunjika bawa, au anayedonolewa na kunguru (na kunguru wa jiji hili mnawajua), huyo anahitaji mkono, tena upesi. Lakini aliyevunjika ni mmoja na anayejifunza ni mwingine, na kwa mbali wanafanana sana. Sina kipimo cha kuwapa zaidi ya kile cha mwongozaji wa Pugu: jitenge kidogo, tazama kwa muda mrefu kuliko unavyopenda, uone kama yupo anayemjia.

Jumapili baada ya ibada, wazazi ambao watoto wao wametoka nyumbani mwaka huu wabaki kidogo tuombe pamoja. Tutaomba tu. Ushauri tutauacha nje ya mlango.