Kinu kimoja, michi miwili: nilivyowafundisha watoto amadinda

Wote walionishauri jinsi ya kufundisha amadinda, marimba ya Kiganda ya vibao 12, walianza na solfa. "Mwalimu, andika do re mi ubaoni, watashika tu." Niliandika muhula mzima, na darasa la nne lilipofika kwenye amadinda yenyewe ikasikika kelele ya mabati. Solfa ni ya kwaya. Amadinda imegawanya oktava sehemu tano zinazokaribia kulingana, kila hatua kama senti 240 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti mbili; oktava nzima ni senti 1200). Kinanda kina hatua ya senti 200 au 300, hakina iliyo katikati. Mtoto anaimba "re" aliyoizoea, anagonga kibao cha pili, masikio yanamwambia amekosea, kumbe hajakosea.

Nikahamia kwenye namba. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliziandika tungo hizi kwa namba 1 hadi 5, na sijaona njia fupi zaidi. Kibao cha 6 ni 1 tena kwa sauti ya juu, na cha 11 ni 1 tena. Mpigaji ana vijiti viwili, anagonga 1 pamoja na 6, 2 pamoja na 7, vivyo hivyo hadi 5 na 10.

Wapigaji hukaa wakitazamana, nami nilikuwa nimeandika namba upande mmoja. Aliyekaa ng'ambo ana vibao vizito mkono wake wa kulia, na 6 yangu anaisoma 9. Andika kwenye ncha zote mbili, kila ncha ikimtazama mpigaji wake. Chaki haikai, kwa sababu ncha ndizo zinazogongwa. Nilichoma namba kwa msumari wa moto.

Mbao ni za mti wa lusambya uliokauka. Ulio mbichi unasema "pu" na kunyamaza. Nililipa kama shilingi elfu 60 za Uganda pamoja na bodaboda, na soda ya fundi juu yake. Kibao changu kirefu kina sentimita 62, kifupi 45. Ukitaka sauti ishuke, chonga chini katikati kwa tezo. Ukitaka ipande, chonga chini kwenye ncha. Vilaze juu ya mashina mawili ya mgomba ya mita moja na nusu, shina likishika kibao chini ya robo kidogo kutoka kila ncha: kwa kile cha 62, sentimita 14 hivi. Ukisogeza mashina katikati, sauti inakufa. Chomeka vijiti kati ya vibao visihame. Baada ya wiki hivi mgomba unasinyaa na vibao vinaanza kucheza, basi kakate mingine.

Hayo ni ya mikono. Kilichonitesa ni kupishana. Omunazi, mpigaji anayeanza, anapiga mfuatano wake; omwawuzi, aliyekaa ng'ambo yake, anaingiza wake katika nafasi zilizobaki, pigo kwa pigo. Nilishauriwa nihesabu "moja-na-mbili-na", omunazi achukue namba, omwawuzi achukue "na". Ushauri mbaya kuliko ule wa solfa! Mtoto wa "na" husubiri kusikia pigo la mwenzake ndipo agonge, kwa hiyo anachelewa. Mwenzake anamsubiri, na wote wanapunguza mwendo hadi wanasimama. Au anavutwa na pigo la mwenzake, wanagongana pamoja, na nusu ya wimbo inapotea. Nikaongeza ngoma ya kuwaongoza. Ikawa vurugu ya watu watatu.

Dawa niliikuta jikoni kwa shule. Wapishi wawili walikuwa wakitwanga karanga katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, huku wanapiga soga. Hakuna anayehesabu "na". Kila mmoja anauona mchi wake kuwa ndio wa kwanza. Ijumaa iliyofuata niliomba kinu na michi nikavileta darasani, na karanga konzi tatu ndani (kinu kitupu hupasuka, tena kina kelele). Watoto wawili wawili. Mmoja anaanza, anatwanga peke yake mapigo manane, kisha mwingine anaingia. Ukikosea, michi inagongana na mikono inauma kidogo. Hilo peke yake linafundisha kuliko mimi. Mtu asitazame mchi wa mwenzake. Kisha wanabadilishana aliyeanza, na hapa usiruke: bila kubadilishana utapata nusu ya darasa inayofuata tu.

Kwenye amadinda nilianza na omwawuzi, kinyume na desturi, ili azoee kuliita lake pigo kuu. Omunazi: 1 3 2 3. Omwawuzi: 4 4 2 5. Vikipishana vinatoa 1 4 3 4 2 2 3 5. Kila mtoto mapigo 60 kwa dakika, si zaidi, mpaka mfuatano upite mara kumi bila kuvunjika. Darasa lina watoto 70 na kipindi ni dakika 40, mara moja kwa wiki, maana muziki haumo kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, na mwalimu mkuu anajua hilo vizuri. Watatu watatu, dakika moja na nusu kila zamu, zamu 24 zinaisha kwa dakika 36. Wanaosubiri wanagonga vibao vilivyochorwa kwa chaki kwenye madawati, kwa penseli.

Wa tatu ni omukoonezi, mwenye vibao 11 na 12 peke yake. Wengi humpa mtoto aliye dhaifu kwa kuwa vibao ni viwili. Ndiyo nafasi ngumu kuliko zote: anasikiliza 1 na 2 zinapotokea chini, kwa mkono wa yeyote, anazirudia juu. Katika zoezi lile ni pigo la 1, la 5 na la 6, na lile la 6 hutoka kwa omwawuzi, hivyo aliyekariri mkono wa omunazi analikosa kila mara. Nilimpa msichana mmoja asiyependa kujibu maswali. Alilidaka kabla sijamaliza kueleza. Mimi bado nalikosa nikipiga huku nazungumza.