Nilivyoiga seli ya moyo inayochochewa bila mpangilio

Kazi hii naifanya Mtwara kwa lugha ya programu ya Python, kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Modeli, yaani milinganyo inayoiga umeme wa seli, ni ya Mitchell na Schaeffer ya mwaka 2003, yenye namba mbili tu zinazobadilika, zote kati ya 0 na 1: volti v na lango h, linaloonyesha seli iko tayari kiasi gani kuingiza mkondo. Vigezo, kwa milisekunde: mkondo kuingia 0.3, kutoka 6, lango kufunguka 120, kufunga 150. Lango hugeuka v ikivuka 0.13. Hatua ya muda ni 0.01, kwa sababu v hupanda ghafla na hatua kubwa huharibu mpando huo.

Kwanza natafuta uhusiano wa muda wa mapumziko D na muda wa msisimko A unaofuata. Kwa makadirio, A = 150 ln(h/0.2), ambapo h = 1 − 0.8e^(−D/120). Mteremko m wa A dhidi ya D unafika 1, D ikiwa 70 hivi na A 153, yaani kichocheo kila milisekunde 224. Chini ya hapo msisimko mrefu na mfupi hupokezana hata kichocheo kikienda sawasawa.

Halafu ndiyo navuruga vipindi, na hapa pana mtego mkubwa. Ukipanga ratiba kisha ukasogeza kila kichocheo kidogo, kinachochelewa hurefusha kipindi kilichopita na kufupisha kinachofuata. Vipindi jirani vinapata uhusiano wa kitakwimu (korrelesheni) wa −0.5, nawe utaona kupokezana ambako ratiba yako ndiyo imekuzalisha. Bahatisha urefu wa kila kipindi peke yake, kisha ujumlishe kupata nyakati.

Vipindi vikitawanyika kwa milisekunde 5 (mkengeuko sanifu), wastani wa 300 una mteremko 0.56 na misisimko hutawanyika kwa 3.4 tu. Shusha wastani hadi 240: mteremko 0.89, mtawanyiko unazidi 9. Kanuni ni m/√(1−m²) mara mtawanyiko wa vipindi, alimradi mtikisiko ni mdogo. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba uhusiano wa misisimko jirani unakaribia −m, kwa hiyo mteremko unasomeka ndani ya vurugu yenyewe. Ukichora wastani peke yake, yote haya yanapotea.

Pima A pale v inapokatiza 0.13 ikipanda na ikishuka, ukikadiria kati ya hatua mbili. Kichocheo kinaweza kushindwa pia: h ikiwa 1, v inahitaji kufika 0.05, h ikiwa 0.3, inahitaji 0.21. Pigo lililoshindwa liandike kuwa limeshindwa, usiliunganishe na jirani. Na hifadhi v, h na hali ya sasa ya kizalishi cha namba za bahati kila mapigo 500, umeme ukikatika uendelee ulipoishia.